Vishina Vyekundu vya Baba Mkwe

Kwanza ieleweke kwamba mimi nauli nilikuwa nayo. Kila ninaposimulia safari ile watu hunihurumia, wakidhani tulikuwa hohehahe. Hatukuwa hohehahe. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale Mbeya, mume wangu alikuwa mpima ardhi, na nauli ya basi kwenda Iringa haikuwa kitu cha kutukosesha usingizi. Kilichotukosesha usingizi ni nauli ya bure.

Miaka ya sabini ilipoanza, barabara ya lami kutoka Iringa kuja Mbeya na kuendelea Zambia ilikuwa mpya, na mabasi yakaota kama uyoga. Zamani ukilikosa basi unalala. Sasa wapiga debe waligombania vikapu vyetu hadi vinachanika. Tajiri mmoja, mwenye mabasi makuukuu kuliko ya wenzake wote, aliona biashara inamponyoka akabuni ujanja. Alitangaza kwamba abiria wake watunze vishina vya tiketi, yaani kile kipande unachobaki nacho baada ya kondakta kuchana. Ukifikisha vishina kumi, safari inayofuata ni bure. Hakuna mwenye basi mwingine aliyekuwa na jambo kama hilo, na watu wakalishangilia kana kwamba tajiri amewagawia mashamba.

Baba mkwe wangu alilishangilia kuliko wote. Kila mwezi alikuwa akipeleka mchele wa Kyela kwa binti yake aliyeuza sokoni Iringa, na tangu tangazo lile hakupanda tena basi la mtu mwingine. Yalipita mabasi mapya, yenye vioo vizima na nauli pungufu, wapiga debe wakimbembeleza kwa heshima zote, yeye akakaa juu ya gunia lake kusubiri gari la tajiri, ambalo lilikuja saa lilipojisikia. Safari moja lilichelewa mpaka mchele ukanyeshewa. Safari nyingine lilikufa Chimala akashinda juani. Akirudi nyumbani hakusimulia habari za mvua wala jua. Alisimulia kishina.

Habari hizo sikuzisikia tukiwa tumekaa naye. Mimi ni Mhehe, nimezaliwa upande wa Tosamaganga, na niliolewa na Mnyakyusa bila kuulizia vizuri. Kwa Wanyakyusa wa wakati ule mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Sisemi hawataniani, au hawali pamoja. Nasema hawaonani. Nikisikia anakuja uani, nikimbilie jikoni. Tukikutana njiani, niingie majanini, nijifunike khanga kichwani na kumpa mgongo mpaka apite. Jina lake nisilitaje. Naye kwa upande wake alinikwepa kwa uaminifu huo huo, na tuliishi kiwanja kimoja, nyumba yake mbele na yetu nyuma. Nililifahamu koti lake lililoanikwa kambani kuliko nilivyomfahamu mwenyewe.

Mwanzoni nilichukizwa sana. Kwetu baba wa mume unampigia goti, unamwambia kamwene, ndiyo salamu yetu, unamwandalia ugali, mambo yamekwisha. Mama mkwe akaniambia kwamba kule kukimbiana ndiyo heshima yenyewe, na kwamba mzee ananiheshimu mno. Nilimuuliza mtu anaheshimuje asichojua kina sura gani. Akacheka, akasema nitazoea. Nikazoea.

Maneno yetu yalipitia kwake yeye mama mkwe. Mzee alikaa upande wake wa ukuta na kusema kwa sauti, "Mwambieni mwalimu," kisha anaeleza shida yake, nami naisikia neno kwa neno. Lakini sikuruhusiwa kujibu. Ilibidi mama mkwe azunguke na mguu wake mbovu, anirudishie yale yale niliyokwisha kuyasikia, apokee jibu, azunguke tena. Na hakuwa tarishi mwaminifu. Ukali wa mzee aliupunguza, na wangu akaupunguza zaidi, kiasi kwamba mara nyingi nilitoa hasira nzima jikoni ikafika kule ikiwa salamu.

Basi tajiri akabadilisha mambo. Aliona watu wanapanda nyuma kwa nauli ndogo, wanakusanya vishina, halafu wanadai bure yao. Kwa hiyo vishina vikawa vya rangi mbili. Vya nyuma vikawa vyeupe, na viwili vikahesabiwa kama kimoja. Vya viti vya mbele, vile vyenye mto na nauli ya juu, vikawa vyekundu na kuhesabiwa vizima. Hata vile tulivyokwisha kuvitunza majumbani vikapunguzwa nusu kwa siku moja. Mimi nilidhani watu watakasirika wahame. Wapi. Wote walikimbilia mbele. Wakulima waliokaa nyuma na kuku wao kwa raha zao tangu mabasi yaanze, sasa walisukumana kulipia kiti chenye mto, wasije wakapunjwa. Baba mkwe akawa wa kwanza kwenye msukumano huo.

Nilichukua chaki, nikampigia mama mkwe hesabu kwenye sakafu ya jikoni. Nilimwonyesha kwamba kwa nauli ya mbele anayolipa mzee, mpaka afikie hiyo safari ya bure atakuwa ameshailipia na zaidi. Kwamba angepanda basi jipya kila mwezi angefika mapema, angefika mkavu, na angebaki na chenji. Mama mkwe aliitazama sakafu kwa masikitiko makubwa, akazunguka kwenda kusema. Jibu nililisikia kabla hajarudi. "Mwambieni mwalimu hesabu zake ni za shuleni. Hapa tunaongea habari ya bure."

Kinachoniudhi mpaka leo ni kwamba hata mimi mwenye hesabu sikupona. Wakati wa likizo nilikuwa nakwenda kumwona mama yangu, na siku moja nilijikuta pale stendi ya Iringa naliacha basi zuri liondoke, lina nafasi, lina nauli nafuu, eti kwa sababu nilikuwa nimebakiza vishina vichache. Nilisimama na kikapu changu nikijitukana kimoyomoyo, na sikupanda.

Wakati huo huo mzee alikuwa anapofuka. Jicho la kushoto lilishakwenda zamani. La kulia lilikuwa limeingiwa na mtoto wa jicho, ukungu mweupe, na ukungu ulizidi. Niliyajua haya kwa mambo madogo. Alianza kumwaga chai. Alimsalimia mbuzi wa jirani, akangoja kuitikiwa. Na pale uani, zamani tulikimbiana wote wawili, kila mmoja kona yake. Sasa yeye alikuja moja kwa moja bila kujua kama nipo, na mimi nikawa nakimbia peke yangu kwa niaba ya wawili.

Ndipo mama yangu alipoleta habari kwamba hospitali ya misheni kule kwetu itapata daktari wa macho kutoka ng'ambo. Atakaa muda mfupi, atapasua watakaowahi, kisha ataondoka, na hakuna anayejua mwingine atakuja lini. Mzee alitakiwa awepo Jumatatu inayofuata. Mume wangu alikuwa porini, kule reli ilikokuwa inajengwa kuelekea Mlimba, na hakuweza kuachiwa. Mama mkwe mguu ulikuwa umevimba. Wifi yangu wa Iringa alikuwa ndiyo kwanza amejifungua. Nikabaki mimi.

Sikuogopa, kwa sababu nilikuwa na mpango mzuri. Jirani mmoja angempandisha mzee kwenye basi jipya na kumkalisha mbele. Mimi ningepanda baadaye, nikakaa nyuma kabisa na kutazama dirishani. Kaka yangu angempokea njia panda ya misheni. Tungefika bila hata kivuli cha mmoja kumgusa mwenzake. Nauli niliitenga kabisa, ya watu wawili, nikampa mama mkwe ujumbe aupeleke.

Mzee akasema basi hilo hapandi. Wiki hiyo hiyo tajiri alikuwa amebandika tangazo jingine ofisini kwake: vishina vyote vya zamani vitakwisha nguvu mwisho wa mwezi. Mwenye navyo avitumie sasa au avitupe. Vya mzee, baada ya kukatwa nusu, havikutosha safari. Lakini tajiri, kwa wema wake, alikuwa ameongeza kwamba watu wa nyumba moja wanaweza kuunganisha vishina vyao, wakifikisha kumi wapate safari ya wawili, mradi wasafiri pamoja, wakae pamoja, kwenye benchi la mbele. Vya mzee na vyangu vikiwekwa pamoja vilitosha barabara.

Mama mkwe alipolisikia hilo alipiga makofi. Kisha makofi yakafa mikononi mwake, akanitazama, akaketi chini.

 Upande wa pili wa ukuta sikusikia hata kiti kikisogezwa. Kesho yake jioni mzee ndipo aliposema, taratibu, kwamba mwalimu asijisumbue, yeye Iringa haendi. Vishina havitupi, kwa maana amevihangaikia, na mkamwana wake hamwaibishi mbele za watu. Kwa hiyo jicho lipotee tu, ili asizitupe karatasi kwa mkono wake na heshima isipotee. Aliyasema hayo kama mtu aliyetoa hukumu ya haki.

Damu ilinichemka. Sikumngoja mama mkwe azunguke. Nilisimama hapo hapo jikoni, nikamtazama yeye usoni, lakini nikapaza sauti hata jirani aache kutwanga. "Mama, mwambie baba kwamba vishina ni karatasi. Mwambie jicho hili likishakufa, hakuna tajiri atakayempa jingine bure."

Upande wa pili kiti kikasogezwa. Halafu ikaja sauti. "Mwambieni nimesikia."

Kusikia si kukubali. Nikaenda ofisini kwa tajiri. Karani wa tiketi alikuwa kijana wa kutoka kaskazini, amevaa suruali ya bugaluu, pana miguuni, mpole kupita kiasi. Nilimweleza kwamba sisi ni nyumba moja, vishina hivi hapa, ila naomba tukae mbalimbali. Alisema, ndugu mwalimu, utaratibu hauruhusu. Nikamwambia basi nichukue kiti cha nyuma, kile kibaya, nimwachie tajiri wake mto. Akasema nyuma kumejaa, kinachotolewa bure ni benchi tu. Nikamuuliza kama tajiri anajua kwamba Mbeya hii imejaa wanawake wasioweza kukaa na wakwe zao. Akafikiri kidogo, akasema kwa kweli tajiri alikuwa na nia ya kuzisaidia familia. Nilimwamini, na ndiyo maana nilizidi kukasirika. Mtu akikuonea makusudi unajua pa kumshika. Huyu alikuwa anatuharibia kwa moyo mweupe.

Nikazichukua tiketi. Nilipiga moyo konde nikijiambia kwamba nitapanda wa mwisho, nitamwonyesha kondakta uso wangu, kisha nitabadilishana nafasi na mwanamke yeyote wa nyuma. Nilimwambia mama mkwe ampe mzee habari kwamba imepangwa tukae mbalimbali. Sijui aliisemaje, lakini mzee alikubali kuvaa koti.

Jumamosi ilipofika, basi lilikuwa limefurika. Vishina vya watu wote vilikuwa vinakufa mwezi ule, na kila mtu alikuwa amekuja kuvizika. Kulikuwa na watu wasiokuwa na safari yoyote. Mzee mmoja alisema anakwenda Makambako kutazama tu na kurudi. Benchi lenyewe lilikuwa nyuma tu ya dereva, la watu wawili, finyu, si mahali pa kumpa mtu nafasi. Baba mkwe alishakalishwa dirishani, na fimbo yake katikati ya magoti. Mimi nilisimama kwenye ngazi za mlango, khanga kichwani, mgongo ndani na uso nje, watu wa stendi wakinishangaa.

Kondakta akaniambia nikae. Nikamweleza. Mama mmoja wa Kinyakyusa aliyekuwa nyuma, kabla sijamaliza, alishasimama na mtoto wake mgongoni kunipisha. Kondakta akakataa. Alisema Makambako kuna mkaguzi, na mkaguzi lazima awakute wawili wa bure kwenye benchi lao, la sivyo nauli itakatwa kwenye mshahara wake yeye. Wanawake wa nyuma wakaanza kumzomea. Mwanamume mmoja mfugaji, wa wale waliohamia Usangu na ng'ombe wao, aliuliza kwa nini huyu mama hataki kukaa kwenye kiti cha mto, na alipoelezwa akaomba aelezwe tena. Dereva akapiga honi. Mimi jasho linanitoka, na baridi ya Mbeya unaijua.

Nikasema basi, nashuka, mzee aende peke yake. Kondakta akasema nikishuka naye anashuka, kwa sababu tiketi ni moja ya watu wawili. Nikamuuliza kama anajua mzee huyu anakwenda wapi. Akasema hajui, na hata angejua haijaandikwa kwenye tiketi. Nilishika ule mlango nikawa sina la kufanya. Nikishuka, jicho limekwenda. Nikipanda, yeye mwenyewe atashuka kwa aibu, na jicho limekwenda.

Hapo mzee akasema. Ilikuwa mara ya kwanza niisikie sauti yake bila ukuta, na ilikuwa ndogo kuliko nilivyodhani.

"Kondakta. Mimi macho yangu yamekwisha. Kwenye benchi hili sioni mtu, na nisiyemwona sijakaa naye. Kama kuna mzigo wangu hapo mlangoni, uupandishe, tuondoke."

Wanawake wa nyuma wakaacha kuzomea. Kisha yule mama wa nyuma akasema, "Ee, ni mzigo tu," na wengine wakaitikia kwa pamoja kwamba ni mzigo, ni mzigo. Kondakta hakuelewa, lakini aliona watu wametulia. Nikapanda nikakaa, khanga mpaka kidevuni, na mzee akailaza fimbo yake katikati yetu. Hivyo ndivyo mwalimu mwenye cheti alivyosafirishwa kutoka Mbeya.

Tulipokaribia Igurusi, mzee aliliambia dirisha kwamba angependa kujua kama mpunga umeiva. Alingoja. Kondakta alikuwa anagombana na mtu habari ya kuku. Dirisha halikujibu. Nikayaambia magoti yangu, "Umeiva. Wameanza kuvuna." Mzee akatikisa kichwa kwa dirisha, kama aliyeridhika nalo.

Tukaendelea hivyo. Chimala akataka kujua kama milima ina mawingu, nikayaambia magoti. Igawa akataka kujua kelele zile za nini, nikasema ni ng'ombe, wengi mno, wanavushwa, na mfugaji wetu amesimama kwenye kiti kuwatazama. Makambako mkaguzi aliingia, akatuhesabu, akaridhika. Mzee aliuliza angani kama mtu huyo amenenepa kwa kazi hii, nami nikasema amenenepa. Baada ya Mafinga nilikuwa namweleza hata asivyouliza: misonobari, moshi, mtoto anayekimbizana na gari. Nilikuwa mkamwana wake kwa miaka na sikuwa nimewahi kumwambia jua limetoka. Nilifurahi, na nilikasirika kwamba ilibidi awe kipofu ndipo nifurahi.

Jumatatu alipasuliwa. Macho yote mawili yalifungwa bandeji, hata lile lililokufa, na masista wakaniambia nikae karibu naye. Nani wa kunizuia? Kwa siku zile nilikaa kando ya kitanda chake mchana kutwa, nikamlisha uji kwa kijiko. Aliulalamikia uji. Nikamwambia uji wa hospitali haukupikwa kwa ajili ya Wanyakyusa. Akasema ndiyo maana. Aliacha kuyasemesha madirisha na kunisemesha mimi, bila kuniita jina lolote, nami nilimjibu bila kumwita, na tukagombana vizuri, ana kwa ana, kama watu.

Siku moja nilimuuliza ni kitu gani hasa alichoona kwenye vile vishina. Akakisukuma kijiko kando.

"Nimetembea kwa miguu mpaka migodini huko kusini, nikarudi. Nimebeba chai ya watu, nimebeba kahawa ya watu. Safari zangu hakuna aliyezihesabu. Huyu anahesabu."

"Anahesabu ili akupunje, baba."

"Hata hivyo anahesabu," akasema, akafungua mdomo apewe uji.

Nikamjazia kijiko. Tangu siku hiyo sikumsema tena habari ya vishina, ingawa tajiri sijamsamehe.

Siku ya kufungua bandeji, sista mkuu wa wodi, Mzungu mmoja mchangamfu, alinishika mkono akaniambia nije nisimame mbele ya kitanda. Alikuwa na desturi yake: mgonjwa akifunguliwa, sura ya kwanza aione ya mtu wake mwenyewe. Alisema hakuna furaha kubwa kama hiyo duniani. Daktari alishaanza kuikunjua bandeji. Niliutoa mkono wangu mkononi mwake, nikakimbia. Nilipita mlango wa nyuma, nikapita wanapofulia mashuka, nikazunguka mpaka chini ya dirisha la wodi, nikachuchumaa kwenye majani na khanga kichwani, mgongo ukutani. Nililia pale kwa hasira. Jicho lile nilikuwa nimelipigania kwa karani, kwa kondakta, kwa yeye mwenyewe, na sasa lilikuwa jicho la kukimbiwa.

Nilisikia daktari akiuliza vidole vingapi, na mzee akivitaja. Nilimsikia akisema anaona kitanda, anaona mlango, anaona mti wa nje. Kisha sista akaanza kuninung'unikia. Alisema hajawahi kuona mtu mwenye roho ngumu namna ile, alishe siku zote hizo halafu siku ya furaha akimbie. Mzee akamwacha amalize.

Halafu akamuuliza, kwa sauti ya chini ambayo nadhani hakutaka hata wagonjwa wa jirani waisikie, "Sista. Huyo aliyekuwa ananilisha. Ana sura gani?"

Nikatega sikio. Nyumbani asingeweza kumuuliza mtu swali hilo. Si mkewe, si mwanawe, si jirani. Mnyakyusa yeyote angeshtuka kwamba mzee anatafuta uso wa mkamwana wake. Ni huyu tu, mgeni asiyejua, ndiye aliyeweza kuulizwa. Na sista, kwa kuwa alikuwa bado amekasirika, alimjibu kwa hasira.

"Ni mweusi. Mrefu. Ana pua kubwa. Na uso umekunjamana wakati wote."

Mzee akayapanga hayo. "Kukunjamana najua," akasema. Kisha nikasikia akipekua koti lake. "Mpe hii nauli. Mwambie apande lile basi jipya, la mbio, akae mbele. Atangulie leo. Mimi nitafuata kesho na lolote litakalokuja."

Pua yangu si kubwa. Muulizeni yeyote aliyenifahamu wakati ule. Nilikuwa na pua ya kawaida kabisa, ya mama yangu, na dirisha lilikuwa juu ya kichwa changu, ningesimama tu ningeonekana mzima, pua na mwenye pua. Sikusimama. Sista aliniletea nauli kule nje bila kunitazama vizuri, nikaipokea, nikaenda barabarani nikapanda basi la mbio. Baba mkwe aliishi miaka mingi na jicho lile, akiona mbali, akinikwepa vizuri uani kama zamani, na alizikwa akijua mkamwana wake ana pua kubwa.